Nafaulu maandishi, naangukia kwenye mahojiano: nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kahama. Nina shahada ya uhasibu, nilimaliza chuo 2021. Nimeitwa kwenye usaili wa serikalini mara tatu kwa nafasi ya Mhasibu Daraja la II. Mara zote nimefaulu mchujo wa maandishi na mara zote nimeishia kwenye mahojiano. Maswali yote najibu, wananiambia asante, natoka na matumaini, halafu jina halipo. Mara ya mwisho nusura nirudishwe mlangoni kwa sababu jina kwenye cheti changu cha kidato cha nne linapishana herufi moja na la kitambulisho cha NIDA. Watu wananiambia kama huna mtu ndani usijisumbue. Kwa sasa nakaa kwenye kibanda cha dada yangu cha uwakala wa miamala ya simu, ili siku ziende. Nakosea wapi? Na niendelee kweli?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia macho yananasa palepale, kwenye sentensi ya kibanda. Umeiweka karibu na mwisho ukaifunika na maneno "ili siku ziende", kama mtu anayeomba radhi. Nahisi ukiwa mbele ya jopo hiyo sentensi huitaji kabisa. Kama ni hivyo, kosa lako kubwa ndilo hilo. Nivumilie nieleze kwa kirefu, maana nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi nikiwa afisa utumishi, na najua tunachokiandika msailiwa akishatoka.

Kwenye majopo niliyokaa mimi, maswali yaliandaliwa kabla. Kila swali lilikuwa na alama zake, na pembeni pameandikwa hoja zinazotarajiwa. Kila mjumbe alikuwa na karatasi yake, akisikia hoja anaweka alama, na mwisho alama za wajumbe wote zinajumlishwa na kutafutiwa wastani. Sasa jiweke kwenye kiti chao. Ni saa nane mchana, wewe ni msailiwa wa kumi na tisa, na kumi na wanane waliokutangulia wote wana shahada ya uhasibu. Unaulizwa una nini cha kuisaidia taasisi, unajibu: "Mimi ni mchapakazi, ni mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi na watu wa aina zote." Mjumbe ameinua kalamu, anasubiri. Hana pa kuishusha. Hajakukatalia, ila hukumpa kitu cha kukipima, na maneno hayohayo ameyasikia mara kumi na nane tangu asubuhi. Anakupa alama za katikati. Alama za katikati kwenye kila swali ndizo zinazokufanya utoke na matumaini, kisha jina lisionekane. Hukuharibu popote, na wala hukuzidi mtu popote.

Kuna jambo linaniuma hadi leo. Tulimsaili dada mmoja, mpole, majibu yake ya kawaida, tukampa alama za kawaida, akakosa. Miezi baadaye nikakutana naye kwenye shughuli ya mtaani, nikagundua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama zaidi ya thelathini. Hisa, mikopo, riba, faini za kuchelewa, vyote kwenye daftari moja, na siku ya kuvunja kikoba kila mmoja anapata chake bila kelele. Nikamuuliza kwa nini hakulisema hilo. Akanijibu, "Mama, niliona aibu. Nilijua mnataka uzoefu wa ofisini." Kazi ya kutunza fedha za watu aliifanya kwa ufanisi kuliko wengine tuliowapitisha siku ile, na mimi sikuwa na njia ya kumpa hata nusu alama kwa jambo ambalo hakulitamka.

Sasa turudi kibandani kwako. Jioni unafunga vipi? Mtaji wa kibanda, tuseme, ni shilingi 2,000,000. Ukijumlisha floti, yaani salio la uwakala, iliyomo kwenye simu na keshi iliyomo kwenye droo lazima upate 2,000,000 ileile, kamisheni ukiiweka kando. Siku moja unakuta floti 1,340,000 na keshi 645,000. Jumla 1,985,000. Imepungua 15,000. Unafanyaje? Unafungua orodha ya miamala, unaipitia mmoja mmoja na daftari lako pembeni, hadi unakuta saa kumi na nusu kuna mteja uliyempa 15,000 mkononi, kumbe muamala wake wa kutoa haukupita na floti yako haikuongezeka. Unampigia, anarudi, mnamaliza.

Binti yangu, hiyo ni kazi ya uhasibu. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ni jambo lilelile, tofauti ni ukubwa wa namba. Wewe unalifanya kila jioni kwa fedha halisi, na kosa likitokea linatoka mfukoni kwenu. Wengi wa wale kumi na wanane wamelifanya kwenye karatasi ya mtihani tu.

Hebu tuanze na lile swali la kufungulia, "Tueleze kwa kifupi kuhusu wewe." Vijana karibu wote hulijibu hivi: naitwa fulani, nimezaliwa mwaka fulani Shinyanga, shule ya msingi nimesoma pale, sekondari pale, kwetu tumezaliwa sita, napenda kusoma vitabu na kuangalia mpira. Yote hayo yamo kwenye wasifu uliolala mbele ya jopo. Dakika mbili za mwanzo, wakati wajumbe bado wana hamu ya kukusikia, zimeishia shule ya msingi. Jaribu hivi, kwa maneno yako mwenyewe:

"Naitwa fulani, nina shahada ya uhasibu niliyoipata 2021. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilikaa wiki nane ofisi ya uhasibu, kazi yangu ilikuwa kupanga hati za malipo na kuhakikisha kila hati ina viambatisho vyake. Tangu wakati huo nasimamia kibanda cha uwakala wa miamala ya simu chenye mtaji wa shilingi milioni mbili. Kila jioni nalinganisha floti na keshi, na upungufu wowote naufuatilia muamala kwa muamala kabla sijafunga. Nimeomba nafasi hii kwa sababu kutunza fedha na kuzitolea hesabu ndiyo kazi ninayoifanya kila siku, nataka kuifanya kwa fedha za umma."

Haizidi dakika moja. Hesabu mwenyewe mjumbe ameandika mambo mangapi. Hizo wiki nane nimezibuni mimi kwa mfano; wewe weka zako za kweli, kwa sababu jopo litachimba. Ukisema ulipanga hati za malipo, swali linalofuata ni "hati ya malipo huambatanishwa na nini?", na aliyezishika anajibu palepale: ankara, hati ya kupokelea mali, idhini ya afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake. Aliyedanganya anaanza kutazama dari. Usikariri aya niliyokuandikia. Anayekariri tunamjua, maana ukimkatiza katikati anarudi mwanzo.

Swali la "kwa nini unataka kazi hii" lina mitego miwili. Wa kwanza ni kusema ukweli usiokusaidia: ajira ni ngumu, nimekaa sana nyumbani. Wa pili ni kusema naipenda nchi yangu, ukaishia hapo. Soma tangazo la kazi. Majukumu ya nafasi yameorodheshwa mle moja baada ya jingine, na ni ajabu wangapi huingia ndani bila kuyasoma tangu siku waliyotuma maombi. Chukua majukumu mawili, useme umewahi kufanya nini kinachofanana nayo. Kama taasisi ni halmashauri, ujue inaishi kwa nini: mapato yake ya ndani, ruzuku kutoka Serikali Kuu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mhasibu anayetaka kuingia halmashauri asiyejua mgawanyo huo anatuonyesha kwamba hakujiandaa.

La udhaifu nalipitia haraka. Usiseme "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi". Jibu hilo limechakaa. Taja udhaifu wa kweli usiogusa uti wa mgongo wa kazi, na useme unaushughulikiaje. Mhasibu asiseme yeye hupoteza risiti.

Nataka nikae zaidi kwenye swali usilolijua, kwa kuwa hapo ndipo nimeona vijana wazuri wakianguka. Umesema maswali yote unayajibu. Hilo lenyewe limenitia shaka kidogo, kwa sababu hakuna anayeyajua yote. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja: mtumishi alichukua masurufu ya safari, amerudi, hajafanya marejesho, na leo analeta dokezo la kuomba masurufu mengine, tena ana haraka, gari linamsubiri nje. Utafanya nini? Yule kijana hakulijua neno masurufu. Badala ya kusema hivyo akaanza kueleza umuhimu wa mawasiliano mazuri kazini. Akazunguka dakika tatu, tukamsikiliza kwa adabu, tukasema asante. Sifuri. Na kwenye swali lililofuata, ambalo alilijua, tulimsikiliza kwa masikio ya mashaka.

Aliyefuata naye hakulijua neno. Akasema, "Samahani, neno masurufu silielewi vizuri, ni fedha anazotanguliziwa mtumishi kwa ajili ya shughuli fulani?" Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Akaendelea: "Basi simpi nyingine kabla hajazitolea hesabu za kwanza. Nitamwonyesha deni lake kwenye rejista, nimwombe alete risiti na bakaa, na kama ni dharura kweli nitampeleka kwa mkuu wangu wa kitengo pamoja na rejista hiyo, nisiamue peke yangu." Huyo alipata karibu alama zote. Utaratibu wa fedha za umma ndivyo ulivyo, masurufu mapya hayatolewi kabla ya yale ya zamani kurejeshwa, naye aliufikia kwa akili ya kawaida baada ya kuuliza neno moja. Kuuliza si aibu. Na usipojua kabisa sema, "Hilo silijui kwa sasa, ninachokijua kinachokaribiana nalo ni hiki," kisha ukitaje kwa sentensi mbili na unyamaze. Kabla ya usaili ujao hakikisha lakini maneno ya kazi yako unayajua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: masurufu, hati ya malipo, afisa masuuli, kifungu cha bajeti, hoja ya ukaguzi. Jua Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anafanya kazi gani. Jua malipo ya Serikali hupitia mfumo wa MUSE na ununuzi hupitia NeST, hata kama hujawahi kuiona. Sheria ya Fedha za Umma ya 2001 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 huna haja ya kuzikariri vifungu, ila uwe umezifungua.

Umegusia habari ya kuwa na mtu ndani. Sitakuambia kwamba nchi nzima haina upendeleo. Wewe ni mtu mzima na mimi pia. Ninachoweza kusema ni nilichokiona kwa macho: kwenye karatasi za alama, tofauti ya aliyepata na aliyekosa mara nyingi ilikuwa alama mbili au tatu, na alama hizo zilipotelea kwenye majibu ya jumlajumla. Wewe umevuka mchujo wa maandishi mara tatu bila kumjua mtu. Na tafadhali sana, atakayekupigia simu akisema yupo Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa serikalini, na anaweza "kulisukuma jina lako" kwa laki tatu ni tapeli. Sekretarieti haitozi fedha, na imeonya watu mara nyingi kuhusu matapeli hawa. Taarifa zako zipo kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikalini.

Halafu hilo la herufi moja. Usilipuuze hata siku moja zaidi. Tangazo la kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake awe na hati ya kiapo, nawe safari ile umeponea chupuchupu. Wiki hii nenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, au mahakamani, ukale kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, na hati hiyo ikae bahasha moja na vyeti vyako. Beba vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha shahada. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Nimeona mtu ametoka Kigoma, siku nzima barabarani, amefika na matokeo ya muda ya chuo akidhani yatatosha. Alirudishwa. Alikaa kwenye ukingo wa maua nje ya jengo hadi mchana, na hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumsaidia.

Safari nayo ni sehemu ya usaili. Kama ni Dodoma, usipande basi la kukufikisha alfajiri ya siku yenyewe. Fika jana yake mchana, tafuta pa kulala, na kabla jua halijazama nenda ukalione jengo. Kama mmeitwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ujue ni kikubwa sana, na mtu anaweza kushuka kwenye bodaboda mahali ambapo sipo, akakimbia kilomita nzima kwa viatu vya kisigino. Gharama zote ni zako, Serikali hairudishi, kwa hiyo anza kuweka akiba ya safari sasa, kabla jina halijatoka. Namba yako ya usaili uinakili kutoka kwenye akaunti yako, maana siku yenyewe mtandao unaweza kukuangusha. Mavazi: nguo nadhifu, ya heshima, ambayo umeshawahi kuivaa na kuikalia. Nguo mpya inayokubana itakushughulisha kuliko maswali.

Ukiingia, salimia jopo zima mara moja. Kama wamekukaribisha kwa Kiswahili, "shikamooni" si kosa. Vijana wengine huiogopa wakidhani si ya kiofisi, wanabaki kuguna mlangoni. Usizunguke kumpa kila mtu mkono. Subiri uambiwe ukae. Simu izimwe kabisa, maana hata ya mtetemo husikika kwenye meza ya mbao. Jibu kwa lugha uliyoulizwa, na Kiingereza kikikukwamia katikati ya hoja nzuri, omba ruhusa umalizie kwa Kiswahili. Jopo linaweza kukukatalia, lakini kuomba hakukupunguzii kitu, na nimeona hoja nyingi nzuri zikifia kwenye Kiingereza cha kubahatisha.

Mwishoni wataweza kukuuliza kama una swali. Usiulize mshahara kwenye usaili wa serikalini, ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo. Uliza kuhusu kazi: mhasibu mpya huanzia kitengo gani, anasimamiwa na nani. Ukiitwa kampuni binafsi mambo hubadilika, huko wanaweza kukuuliza unataka kiasi gani, na kosa ni kusema "chochote mtakachonipa". Jua wenzako wa ngazi hiyo wanalipwaje, taja kiasi, na ujue unataja kabla ya makato au baada yake. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakayokatwa kila mwezi.

Umeniuliza uendelee au uache. Endelea, na anza leo jioni. Mkishafunga kibanda, mpe dada yako karatasi yenye maswali sita, akae upande mmoja wa meza nawe upande mwingine, akuulize moja baada ya jingine huku akirekodi kwa simu. Kisha sikilizeni pamoja. Kila utakaposikia umesema "mchapakazi" au "najituma", simamisha, jiulize ni siku gani ulifanya nini, kiasi gani, kikaishaje, urudie jibu ukianzia hapo. Mara ya kwanza utachukia sauti yako mwenyewe. Kufikia mara ya nne utakuwa unaongea kama mtu anayesimulia kazi yake. Ingia pia kwenye akaunti yako uangalie matokeo ya ule usaili wa tatu, usitazame tu majina ya waliopangiwa vituo. Wanaofaulu mahojiano nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina, kwa muda, na taasisi nyingine ikihitaji mhasibu huchukuliwa humo bila kusailiwa upya. Hakikisha namba ya simu iliyomo kwenye akaunti hiyo ni hii unayoitumia sasa.